Transfa Haisomwi kwa Jina la Gari

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari mliokuja na maswali yenu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumze juu ya transfa, boksi linalopokea nguvu kutoka giaboksi na kuigawa kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma: kutoa kifaa katika transfa ya gari la kampuni moja na kukifunga katika gari la kampuni nyingine, na kukichonga pale kinapokataa kuingia. Ni kazi ninayoipenda sana. Pia ni kazi iliyoharibu magari mengi mazuri, na mengi ya hayo yaliharibiwa na watu wenye bidii, watu waliokesha gereji, ila walikosa kipimo kimoja tu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, transfa ya Ford itaingia kwenye Chevrolet?" Sina jibu la swali hilo, na asiwepo fundi wa kuwapa jibu lake haraka haraka, kwa sababu swali limetaja majina mawili na halikutaja kipimo hata kimoja. Jina la gari limebandikwa mbele ya boneti. Transfa imekaa chini kabisa, na mara nyingi haikutengenezwa na kampuni hiyo iliyobandika jina.

Chukueni NP205, ambayo wengi wenu mmeishika. Ilitengenezwa na New Process Gear, kiwanda cha Syracuse katika jimbo la New York, Marekani. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza giaboksi na transfa, kisha kikawauzia watengenezaji wa magari. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 unaikuta NP205 chini ya malori madogo ya Ford, ya General Motors na ya Dodge. Gamba lake ni chuma cha kusubu. Ndani hakuna cheni. Gia inasukuma gia. Gia nzito yake, ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu, ina uwiano wa takriban 1.96, yaani shafti inayoingia inazunguka karibu mara mbili ili inayotoka izunguke mara moja. Fungua za kampuni hizo tatu uziweke mezani pamoja, utaona kwamba ni kazi ya mkono mmoja.

Hapo ndipo matumaini yanapoanzia, na hapo hapo ndipo watu wanapoumia. Kila mnunuzi alikuwa na giaboksi yake, basi kila mmoja aliagiza gia ya kuingilia inayolingana na giaboksi hiyo. Vile vijino vilivyochongwa kwa urefu wa shafti, splaini, vikatofautiana. General Motors peke yake ina gia za kuingilia za splaini 10 kwa giaboksi ya mkono ya SM465, 27 kwa otomatiki ya TH350, na 32 kwa TH400. Ford ni 31. Dodge za miaka hiyo ni 23. Hata uso unaofungwa kwenye giaboksi haufanani: za General Motors nyingine zina uso wenye umbo la namba 8, nyingine uso wa duara. Kwa hiyo hata ndani ya jina moja, "itaingia?" haijajibiwa.

Naomba nikae kidogo kwenye 31 na 32. Shika shafti ya splaini 31 mkono wa kulia na ya 32 mkono wa kushoto, jicho halitakwambia kitu. Unene unakaribiana na vijino vinafanana. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, niliuziwa gia ya kuingilia nikaambiwa ni ya 32. Niliihesabu mara moja, nikapata 32 kwa sababu ndiyo namba niliyokuwa naitarajia. Nikasafisha, nikapaka silikoni, nikainua transfa kwa jeki, ikakataa kuingia. Nikadhani tatizo ni pembe. Nikaipandisha, nikaishusha, nikaizungusha propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, bado. Kisha nikafanya kosa ambalo nimewakataza vijana wangu tangu siku ile: nikachukua bolti ndefu nne nikaanza kuivuta transfa kwa kukaza bolti. Sikio moja la adapta, kipande kinachounganisha transfa na giaboksi, likapasuka. Adapta ya mtu, gari la mtu, na mtu mwenyewe amesimama pale.

Tangu hapo nahesabu hivi. Napaka chaki kwenye kijino kimoja, naanza kuhesabu kinachofuata mpaka nirudi kwenye chaki. Kisha namwita mwingine ahesabu bila kumwambia nilichopata. Tukitofautiana, tunarudia. Baada ya hapo napima kipenyo kwa vernia, kwa sababu splaini zinaweza kuwa idadi moja na unene tofauti. Transfa iliyolingana inaingia kwa kusukumwa na mikono. Ikidai bolti ziivute, teremsha, kuna kitu hukukipima.

Sasa, kwa kuwa ndani ya NP205 kazi ni moja, inawezekana kutoa gia ya kuingilia ya gari moja na kuiweka katika gamba la gari jingine, na mafundi wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Ila msiangalie meno peke yake. Angalieni na beringi. Gia mbili zenye meno yanayolingana zinaweza kukaa kwenye beringi za ukubwa tofauti, na gamba limechongwa kwa beringi moja tu. Pima ndani, pima nje, pima upana. Ikibidi tundu la beringi lipanuliwe, kazi hiyo ni ya fundi mkereza mwenye mashine iliyonyooka, wala si ya kusagia kwa mkono. Kituo cha tundu kikihama hata kwa unene wa karatasi, gia zitasagana upande mmoja, na utaisikia transfa ikilia kabla hujaizoea sauti ya gari.

Jambo la pili ni upande. Hapa tafadhali tuache kabisa kusema "upande wa dereva", kwa sababu kuna magari ya usukani wa kulia na ya usukani wa kushoto, na maneno hayo yamewapotosha watu wengi walioagiza vifaa kutoka mbali. Semeni kulia na kushoto kwa gari lenyewe, ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. General Motors za miaka ya 1970 zinatoa propela ya mbele kulia. Ford za 1978 na 1979 zinatoa kushoto. Walipokuja na NP208 ya alumini, hali ikabaki ile ile: namba moja ya transfa, ya General Motors kulia, ya Ford kushoto. Jeep za CJ, ambazo zilikoma 1986, difu yao ya mbele, lile boksi la gia kwenye ekseli linalopokea propela, iko kulia. Iliyozifuata, YJ, iko kushoto. Toyota Hilux za ekseli nzima ya mbele na Suzuki Samurai ni kulia.

Maana yake ni rahisi na haina njia ya mkato. Transfa ikitoa kulia na difu ikawa kushoto, propela itapita chini ya injini kwa mshazari, itagonga sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kros, vile viungo vya ncha za propela, zitakufa. Hapo utachagua: ubadilishe ekseli ya mbele, au utafute transfa ya upande huo. Lakini kila mara atatokea mtu mwenye wazo jipya: "Si tuigeuze ekseli juu chini? Difu itahamia upande wa pili." Kweli itahamia. Na magurudumu yatazunguka kinyumenyume, kwa sababu gia kubwa ya difu imehama kutoka upande mmoja wa pinioni, gia ndogo inayoizungusha, kwenda upande wa pili. Utakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yaende mbele na ya mbele yarudi nyuma. Nimeyaona haya yakifungwa mpaka bolti ya mwisho kabla mtu hajazungusha propela kwa mkono. Zungusheni propela kwa mkono mapema.

Kuhusu uwiano, watu wengi hufikiria gia nzito tu. Gia nyepesi, ile ya mwendo wa kawaida, nayo huwaponyoka, kwa sababu wanaamini kila transfa katika gia nyepesi inapitisha mzunguko kama ulivyokuja, moja kwa moja. Si kweli. Suzuki Samurai ina transfa iliyojitenga na giaboksi, imeunganishwa kwa shafti fupi, na gia nyepesi yake ni 1.409, si 1. Gia nzito yake ni 2.268. Uwiano wa difu zake ni 3.73. Zidisha 1.409 kwa 3.73 unapata takriban 5.25. Huo ndio mzigo ambao injini ile ndogo ilipangiwa kuuvuta. Ukitoa transfa hiyo ukaweka ya kampuni nyingine yenye 1 kamili ukaziacha difu za 3.73, gari litakuwa limepewa gia ndefu kupita uwezo wake. Gia ya tano itakuwa pambo, na klachi itaungua kila unapoondoka kwenye mlima. Mwenye gari atakuja kukwambia injini imechoka. Injini haijachoka, umeipokonya ngazi yake. Ndiyo maana wanaotia transfa na ekseli za Toyota chini ya Suzuki hutafuta difu za 5.29: hesabu inarudi pale pale ilipokuwa.

Land Rover nao wana somo zuri hapa, na ni la ndani ya nyumba moja. Transfa ya LT230 gia nzito yake ni 3.32 karibu kwa zote, lakini gia nyepesi zinatofautiana: ya Defender ni 1.41, ya Discovery ni 1.22. Ukiweka transfa ya Discovery katika Defender, kwa mzunguko ule ule wa injini gari linakwenda kasi zaidi kwa kama asilimia 15, na gia nzito ya porini haijaguswa. Kwa injini yenye nguvu za kutosha, huo ni ubadilishaji ninaoupendekeza bila wasiwasi: gamba linafanana, na mwendo wa barabarani unatulia. Kwa injini dhaifu, au gari linalobeba matairi makubwa na mzigo, ni kulifunga jiwe mguuni. LT230 pia ni ya magurudumu manne wakati wote, ina difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Propela moja ikitolewa, gari halitakwenda mpaka uitie difu hiyo kufuli, na mafundi wasiolijua hilo wameshafungua transfa nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Sasa nije kwenye kazi ambayo, kwangu mimi, ndiyo tamu kuliko zote. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kiwanda kile kilitoa NP203, ya magurudumu manne wakati wote, yenye cheni na difu ya katikati. Wengi walikuja kuitupa, kwa uzito wake na kwa cheni iliyolegea. Lakini sehemu yake ya mbele ni boksi lililojitegemea, lenye gia nzito ya 2 kwa 1, na linafunguka likabaki peke yake. Mafundi walilitazama boksi hilo wakaona kitu: ukilikata kutoka kwenye kile kilichooza nyuma yake, ukalifunga mbele ya NP205 kwa adapta, una gia nzito mbili zinazofuatana. 2 mara 1.96 ni 3.92. Na unachagua: zote nyepesi, moja nzito, au zote nzito. Toyota wana mfano wao pia. Transfa ya gia ya Hilux, iliyotumika kuanzia 1979 hadi 1995, ina gia nzito ya 2.28, na sehemu yake ya kupunguza mwendo inaweza kutangulizwa mbele ya transfa nyingine nzima ya aina hiyo hiyo. 2.28 mara 2.28 ni karibu 5.2.

Nipeni nafasi nipige hesabu moja hadi mwisho, maana wanaotaka boksi mbili huwa hawaipigi. Chukua giaboksi ya SM465, gia ya kwanza 6.55. NP205 peke yake, 1.96. Difu 4.10. Zidisha zote: 52.6. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika na tairi la mzingo wa mita 2.5, gari linatambaa kwa takriban kilomita 2.3 kwa saa. Ongeza boksi la 203: uwiano unafika 105, gari linatambaa kwa kilomita 1.1 kwa saa. Mtu anatembea akiliacha. Kwenye mawe hiyo ni neema, kwa sababu dereva anaweka tairi anapotaka badala ya kurukaruka.

Tazama sasa upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo. Injini ikitoa nyutoni-mita 400, gia ya kwanza na NP205 zinapeleka kwenye propela zaidi ya 5,100. Ukiongeza boksi la 203, zaidi ya 10,200. Hakuna aliyeigusa injini, na propela, kros, pinioni na shafti za ekseli ni zile zile. Kuna atakayesema: tairi litateleza kabla kitu hakijavunjika. Kwa gari jepesi kwenye mchanga, ndiyo. Kwa gari zito lenye matairi makubwa, gurudumu moja limebanwa kati ya mawe mawili, tairi haliwezi kuteleza, na nguvu yote inarudi kutafuta mahali dhaifu. Mwanzoni hukata kros ya mbele. Umeweka kros nene? Itakata shafti. Umeweka shafti nene? Itang'oa meno ya pinioni. Fundi anayefunga boksi mbili bila kumwambia mwenye gari mlolongo huo hajamaliza kazi yake, hata kama gari limeondoka likitembea vizuri.

Na urefu! Boksi linaloongezwa linachukua nafasi, transfa inasogea nyuma, propela ya nyuma inafupishwa. Tuseme transfa iko sentimita 25 juu ya pinioni ya nyuma. Propela ikiwa na urefu wa sentimita 120, inalala kwa pembe ya kama digrii 12. Ukiikata sentimita 20, digrii 14, hiyo inavumilika. Lakini gari fupi lenye propela ya sentimita 60 lilikuwa tayari na digrii 23 au karibu, ukikata 20 zile zile unafika 32. Kros ya kawaida haitaishi hapo. Kwa hiyo usikubali kumfungia mtu boksi la pili katika gari fupi mpaka umepima propela, tena gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake na springi zimebeba mzigo. Kupima likiwa juu ya stendi kunakupa namba ya gari ambalo halipo.

Kwa transfa za cheni nitazungumzia moja tu, NP231, kwa kuwa imo katika Jeep nyingi, na pia katika magari ya General Motors na ya Dodge. Namba za familia hii zinasomeka. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya gia, mbili. Ya pili ni daraja la uimara, hivyo 241 ni nene kuliko 231. Ya tatu ni namna ya kufanya kazi, 1 ikiwa ya kuunganisha mbele unapohitaji tu, 2 ikiwa na uwezo wa kutumika hata barabarani. Msizitumie kanuni hizo kwa 203, 205 na 208. Hizo ni za zamani, namba zake hazifuati mpango huo. Gia nzito ya 231 ni 2.72, na inatoka katika gia za sayari, gia ndogo zinazozunguka gia ya kati. Kuna zenye gia ndogo tatu na zenye sita. Kuna zenye cheni ya upana wa inchi 1 na zenye ya inchi 1 na robo, ambazo zilikwenda kwenye malori mazito zaidi. Basi mtu hununua transfa ya lori kubwa iliyopasuka gamba, akatoa sayari za sita na cheni pana, akazitia katika Jeep yake. Ni wazo zuri. Ila cheni pana haiji peke yake. Inakuja na magurudumu yake ya meno na shafti yake ya mbele. Na sayari haiji peke yake. Inakuja na gia yake ya kuingilia, kwa sababu mshazari wa meno haukubaki mmoja miaka yote. Gia ya mshazari mmoja na sayari ya mshazari mwingine zitaingiliana ukizilazimisha kwa mikono, na zitasagana zikipata mzigo. Halafu ile gia ya kuingilia lazima ilingane na giaboksi: Jeep zenye giaboksi ya AX-5 ni splaini 21, zenye AX-15 ni 23, na urefu wa shafti nao hutofautiana. Ikiwa fupi, inashika kwa ncha tu, na vijino vya ncha vitakatika.

Katika hiyo hiyo 231 ya Jeep kuna marekebisho ambayo ningemshauri mtu ayafanye kabla ya kuota gia yoyote nzito. Propela ya nyuma inaingia kwa kuteleza ndani ya mkia wa transfa. Ukiitoa propela, oili inamwagika. Na gari likiinuliwa, mkia mrefu ule unaifanya propela iwe fupi na yenye pembe kali. Shafti fupi yenye flenji iliyofungwa kwa nati, na propela yenye kros pacha upande wa transfa, huondoa matatizo yote mawili. Hakuna anayekuja kupiga picha kazi hiyo, lakini gari linaacha kutetemeka.

Nimewaahidi kuzungumza juu ya kuchonga, basi nizungumzie vidonge. Ndani ya NP205, kati ya fimbo mbili zinazosukuma uma wa gia, kuna vidonge vya chuma vinavyozuia fimbo moja kwenda upande wa gia nyepesi wakati nyingine iko nzito. Watu huvitoa, wakaweka mikono miwili ya gia, ili waweze kuweka nzito ya mbele peke yake na kulizungusha gari mahali pembamba. Naelewa raha yake. Lakini ukivitoa, hakuna kitu tena cha kumzuia dereva kuweka mbele nzito na nyuma nyepesi kwa wakati mmoja. Ekseli mbili zitavutana kwa mwendo tofauti, na kwenye ardhi ngumu lazima kimoja kivunjike. Mimi nachagua kuchonga mfereji wa fimbo kidogo kidogo nikibakiza kidonge, najaribu kila hatua mezani, mpaka nzito ya mbele ipatikane na ule mchanganyiko wa hatari usipatikane. Ni kazi ya saa nyingi. Na gari likiwa linaendeshwa na watu zaidi ya mmoja, siifanyi kabisa.

Breki. Hapa naomba mnitazame. Land Rover zenye LT230 zina breki ya mkono nyuma ya transfa, juu ya shafti ya propela. Ukiitoa transfa hiyo, umeitoa breki ya mkono ya gari. Lazima kuwe na nyingine kabla gari halijashuka kwenye stendi. Na jambo jingine, la gari lolote: transfa ikiwa kwenye nyutro, giaboksi imekatika na magurudumu yote. Ukiacha otomatiki kwenye P, au ya mkono kwenye gia ya kwanza, hakuna kinacholishika gari. Unapofunga boksi mbili unaongeza nyutro ya pili, na mkono wa pili wa gia ambao mtoto au abiria anaweza kuugusa. Wekeni kizuizi kwenye mkono huo. Andikeni juu yake kwa rangi. Mwoneshe kila atakayeliendesha.

Oili nitaipita haraka: za gia kwa gia, kama NP205, hutumia oili nzito ya gia, za cheni kama 231 hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki. Ukifunga transfa ya aina nyingine, kibandiko cha zamani cha oili kinadanganya. Kibandue.

Uzito pia. Chuma cha kusubu hakining'inizwi kwenye mkia wa alumini wa giaboksi. Kila transfa niliyoongeza boksi nimeiwekea kiti chake kwenye chesisi, chenye mpira, kwa sababu chesisi inajipinda na transfa haitakiwi kujipinda nayo.

Sasa niwaeleze ninavyoipima kabla haijaenda chini ya gari. Transfa iko mezani, imefungwa, haina oili nyingi. Napaka chaki kwenye shafti ya kuingilia na kwenye shafti zote mbili za kutokea. Naweka gia nyepesi pamoja na mbele, nazungusha kwa mkono: mbele na nyuma lazima ziende upande mmoja, na chaki zirudi juu pamoja. Naweka nzito: kwa NP205 naizungusha ya kuingilia karibu mara mbili ndipo ya nyuma izunguke mara moja, kwa boksi mbili, karibu mara nne. Ikipungua au ikizidi, kuna gia ambayo si yake. Nasikiliza kwa kidole kuliko kwa sikio, kwa sababu beringi iliyobanwa inajulisha mkononi kwanza. Kisha gari juu ya stendi, magurudumu yote manne hewani, gia ya kwanza, polepole, mtu mmoja ndani na mmoja nje akitazama kila gurudumu linaelekea wapi.

Baada ya safari ya kwanza, fupi, oili ikiwa bado ya moto, naimwaga yote. Natazama sumaku ya kizibo. Unga wa kijivu laini kama majivu ni wa kawaida, gia zimezoeana. Chipande chenye kona, hata kikiwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, transfa inarudi mezani siku hiyo hiyo, na simpigii mwenye gari kumwambia lipo tayari.

Nimeona kuna wawili walioleta transfa zao nje. Tuanze na hizo kabla ya maswali. Nani ana chaki?